Pijo Iliyogoma Kati ya Maji

Wabwire alizima injini hatua chache kabla ya daraja la Mto Mathare, akashuka kupima maji kwa mguu. Hapo ndipo safari ilipoharibika. Alipogeuka, barabara ya kurudi mtaa wa Huruma ilikuwa imemezwa na mafuriko. Maji ya matope yalikuja kwa nyuma yakisukuma mabati na magodoro, yakaliacha gari lake kuukuu aina ya Pijo kwenye kipande kidogo cha lami kilichoinuka.

Daraja lenyewe lilikuwa bado linapitika. Maji yalimfika chini ya goti, ila yalivuta kama fahali. Gari zito lingevuka. Watu wa miguu, wakimbeba mgonjwa kama mama yake, wasingevuka.

Akarudi mbio, akazungusha ufunguo. Stata ilizunguka vizuri lakini injini haikushika. Harufu ya petroli ikajaa ndani.

"Ni koili hiyo ya plagi, bana," akasema Mulongo, fundi wake, aliyeketi kando yake. "Imepata moto sana. Ipe nusu saa ipoe."

"Nusu saa tutakuwa tumefika Dandora," akasema Triza kutoka kiti cha nyuma. "Kwa kuelea."

Triza alikuwa mama yake Wabwire. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, na siku hiyo walikuwa wakimrudisha nyumbani Mathare North kutoka kliniki.

Ugonjwa wa Pijo ulianza Agosti. Asubuhi inawaka mara moja. Ikishapata moto, ukiizima, imekwisha. Mulongo alikuwa amebadilisha koili mara mbili, ya pili juzi, na Wabwire akaamini imepona. Eastlands, Nairobi, kila mwenye gari anajua kwamba gari likifunguliwa unaketi pale pale gereji, macho kwenye injini, mpaka boneti ifungwe. Wabwire hakuwahi kuketi. Yeye na Mulongo walitahiriwa asubuhi moja, katika ua mmoja, huko Bungoma. Kumchunga mtu kama huyo ni kumwita mwizi mbele ya watu.

Maji yakagusa magurudumu.

"Mama, nipe leso."

Aliichovya kwenye maji ya mto, akafungua boneti. Mulongo akashuka haraka, akajiweka kati yake na injini.

"Utaungua. Wachia fundi."

"Toka."

"Nimekwambia ni koili."

Wabwire akamsukuma kwa bega. Akaizungushia kabureta ile leso, mvuke ukapanda ukimchoma usoni. Akapenyeza vidole chini yake, mahali pa kile kipande cheusi, kinene kama kidole, kinachozuia moto wa injini usipande kuchemsha petroli. Alikuwa amekisafisha mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe, enzi gari lilipokuwa la marehemu baba yake.

Badala yake vidole vilikuta karatasi ya katoni, laini, imelowa petroli.

"Kiko wapi?"

Mulongo akaangalia maji.

"Kile cheusi kiko wapi?"

"Kuna mzee wa Buruburu ana Pijo kama hii, nikamuuzia. Hivyo vitu havipatikani tena. Nilijua nitakutafutia kingine."

"Tangu Agosti."

"Nilikuwa natafuta."

"Na koili mbili ukanifungia, ukiniangalia machoni."

Maji yalikuwa yamepita vifundo vyao. Wabwire alichovya leso tena, na tena, mpaka mvuke ukakoma, akaingia ndani.

"Kanyaga mafuta mpaka chini," Mulongo akaita. "Usipigepige pedali."

Akakanyaga, akichukia kwamba bado anamsikiliza. Injini ikakohoa, ikafa. Ikakohoa tena, ikanguruma na moshi mweusi.

Wakaingia darajani. Mkondo ukavuta mkia wa gari kuelekea ukingoni, na Mulongo, aliyebaki nje amejibana nyuma ya gari, akausukuma kurudi, maji yakimpiga mapajani. Katika kioo Wabwire alimwona akiteleza, akishika bampa, akiinuka. Mguu ulitamani kukanyaga zaidi, umwache. Haukukanyaga.

Ng'ambo, Mulongo akaja mlangoni, amelowa, mikono imechubuka.

"Mama, pole," akasema.

"Nimesikia yote," Triza akajibu. "Masikio hayajapooza."

"Wabwire, nifungulie twende. Tutaongea."

"Umetuvusha. Asante," Wabwire akasema. "Kutoka hapa tembea."

Nyumbani majirani walimbeba Triza mpaka ndani. Wabwire alibaki uani, amekaa nyuma ya usukani, injini ikinguruma, simu mkononi. Aliogopa kuizima. Na katika Nairobi nzima, gari likimkatalia, alikuwa na mtu mmoja tu wa kumpigia.