Kiti cha Bwana Garrow

Kiti cha pili kando ya moto kilikuwa kimelowa tena. Lavinia alikipapasa, akanusa vidole vyake: kafuri, na sufu iliyonyeshewa. Mumewe, Lord Everard Thornleigh, ambaye ukoo wake ulipeleka watu Bungeni tangu enzi za babu wa babu yake, alijificha nyuma ya gazeti.

"Nani alikaa hapa, Everard?"

"Mbwa."

"Mbwa tulimzika mwaka jana, mume wangu."

Everard aligeuza ukurasa. Lavinia alijua kisa chenyewe, kama London nzima ilivyokijua. Wabunge walikuwa na desturi yao: wa upande mmoja akiugua, mpinzani wake humwahidi naye kubaki nyumbani, ili kura zao zifutane. Hakikuandikwa kitu, neno la muungwana lilitosha. Bwana Tobias Garrow alipougua mapafu, Everard alikwenda mpaka kitandani kwake, akampa mkono na neno lake. Kisha ukaja muswada wa viwanda, wakubwa wa chama wakamnong'oneza habari za uwaziri, naye akaenda kupiga kura. Serikali ilishinda kwa kura hiyo hiyo moja. Huo ndio uungwana wa watu wenye damu ya kilord, na bado wanatufundisha adabu. Garrow alipopata habari alitoka kitandani, koti juu ya nguo za kulalia, akaingia mvuani aende kumuumbua Bungeni, akafia ndani ya gari la farasi kabla ya kufika darajani.

Tangu azikwe, nyumba haikutulia. Kilianza kikohozi nyuma ya mlango, kisha kwenye ngazi, kisha mezani wakati wa chakula, mpaka mpishi akaaga na msichana wa kazi akamfuata, na Lavinia akawa anakaa peke yake mchana kweupe, ukungu umebana madirisha, akisikiliza viatu vilivyojaa maji vikija polepole kwenye ukumbi, vikisimama mlangoni, vikimngoja mumewe arudi. Aliogopa hata kumeza mate.

Akamwita Mchungaji Pettifer. Mchungaji aliomba kwa sauti ya kutetemeka, na alipomaliza, kwenye kile kiti mtu akaitikia, "Amina."

Mchungaji alifunga kitabu chake. "Huyu hafukuziki kwa maombi, Mheshimiwa," alimwambia Everard kwa sauti ya chini. "Anataka neno lako. Safari hii kaa nyumbani."

Kura iliyofuata ndiyo ambayo ingempa Everard uwaziri. Chama kilituma gari kumchukua, na Lavinia akamshika mkono wa koti, akamsihi huku akilia, kwa kuwa alimpenda hata baada ya aliyoyafanya. Everard aliliangalia gari kwa muda mrefu, kisha akavua kofia. Uwaziri alipewa mwingine.

Kiti kikakauka. Mpishi akarudi, harufu ya nyama ya kondoo ikaifukuza ile ya kafuri, na Lavinia akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alidhani yameisha.

Majira ya kuchipua, Bunge likamwita tena Everard kupiga kura. Alivaa huku akipiga mluzi, akisema deni limelipwa na sasa ataanza upya. Alipoweka kofia kichwani, maji yakamtiririka usoni.

Harufu ya kafuri ilikuwa imejaa ukumbini.

"Everard," alinong'ona, "siku ile pale kitandani, ulimwambia nini hasa?"

Maji yalidondoka kutoka kidevuni kwa Everard mpaka kwenye zulia.

"Nilimwambia sitapiga kura mpaka atakapopona."

Ndani, kwenye kiti kando ya moto, mtu akakohoa.