Kipengele cha Thelathini na Moja

Mama Mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu wa tumbo moja, alikuwa mkaguzi wa nyumba za kutunzia wazee kwa miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuingia bila taarifa, kupima joto la maji ya bomba wazee wasije wakaungua, kufunua visigino vya wasioinuka kitandani aone kama vimechubuka, kusoma tarehe za dawa kabatini, kubonyeza kila kengele na kuhesabu dakika mpaka mtu aje. Hakuwa na dogo. Akija kwako, kabla hajakaa ameshakwambia zulia lako litamvunja mtu nyonga.

Fomu yake ilikuwa na vipengele arobaini. Cha thelathini na moja alikitunga mwenyewe, na alikipenda kama mtoto: *Wahudumu hubisha hodi na kusubiri kukaribishwa kabla ya kuingia chumbani.* Alisema mzee akishanyang'anywa nyumba, meno na miguu, abakiziwe walau mlango. Na akikosea kuandika, hafuti. Anapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya kosa, lisomeke bado, kisha anatia saini pembeni. "Fomu ni ushahidi," aliniambia nilipokuwa mdogo, nikichezea kalamu zake. "Ushahidi haufutwi."

Haya mengine alinisimulia mara moja tu, na hakutaka kurudia.

Siku hiyo ilikuwa ya kawaida kabisa. Mchana, jua kali, nyumba ya wazee yenye vyumba kumi na nne kwenye korido moja. Sakafu kavu. Hakuna harufu ya mkojo. Vyakula vimefunikwa, vyeti vya wauguzi vimebandikwa ukutani. Alijaza alama nzuri ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akakifikia kipengele chake. Hapo akasimama koridoni kuangalia. Wahudumu walikuwa wanakohoa mlangoni, wanafungua, wanasema, "Ni mimi, muuguzi," na kuingia. Hodi hakuna.

Akamwita Matroni, mwanamke mpole mwenye miwani ya kamba.

"Watu wako hawabishi hodi."

"Hapa hatubishi, dada," Matroni akanong'ona. "Wazee wenyewe hawataki."

"Hawataki heshima?"

Matroni aliiangalia korido yote, mwanzo hadi mwisho, kisha akaangalia viatu vyake. "Andika tu kuwa ni kosa. Tutalibeba."

Mama Mdogo akaandika. Akamwambia pia, kwa sauti ya kumfunda, kwamba anataka kuona mabadiliko kabla hajaondoka.

Kilichobaki kilikuwa kuzungumza na mkazi mmoja faraghani, mlango umefungwa. Alichagua chumba namba tisa. Humo alikaa bibi ambaye zamani alikuwa opereta wa simu, na wote walimwita Bibi Simu. Alikuwa mcheshi kupindukia. "Miaka thelathini nimeunganisha wachumba, wagomvi na wake wenza," alisema, "na wote waliniita mpenzi." Mama Mdogo alicheka mpaka machozi. Wakaongea kuhusu chakula, kuhusu usingizi, kuhusu kama kuna anayewafokea. Bibi alisema nyumba ni nzuri. Ila alikuwa akiitazama saa ya ukutani mara kwa mara, na ilipofika saa nane na dakika kumi akanyamaza katikati ya neno.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya kiume, ya chini, yenye adabu zake. Mama Mdogo alifurahi. Alidhani Matroni amelisikia somo.

"Karibu!" akaitikia.

Mkono wa Bibi Simu ulikuwa umeshanyooshwa kumziba mdomo. Ulichelewa.

Kitasa kikashuka. Mlango ukafunguka upana wa mtu mmoja. Koridoni hapakuwa na mtu. Mlango ukajifunga, taratibu, kama anavyofunga mgeni asiyetaka kusumbua. Pembeni ya mlango kulikuwa na kiti cha wageni, chenye mto wa kijani. Mto ukabonyea.

"Umesema nini, mwanangu?" Bibi akanong'ona.

"Ni nani?"

"Anabisha kila siku saa hii. Mlango huu, mlango ule. Mwaka wa pili huu, hatumwitikii."

"Nani, bibi?"

"Aliyewahi kumwitikia hakupata nafasi ya kutuambia."

Mama Mdogo alikuwa mtu wa vipimo. Alikwenda mpaka kwenye kile kiti na kuweka kiganja juu ya mto. Ulikuwa na joto. Alitoka mbio, fomu mkononi, akamkuta Matroni amesimama pale pale koridoni, ameshaanza kulia.

Alifanya kila alichoweza, na niliona aibu kumsikiliza akihesabu vyote. Aliomba Bibi Simu ahamishwe nyumba nyingine. Ilihitajika sababu. Alimpigia mkuu wake wa kazi, mkuu akauliza sababu hiyo iko kwenye kipengele cha ngapi. Alimpigia mtoto wa Bibi, akaambiwa mama anatunzwa vizuri, ripoti si nzuri? Ripoti ilikuwa nzuri mno. Alama tisini na nne. Alikuwa ameiandika mwenyewe.

Walimhamishia Bibi chumba namba mbili. Kesho yake kile kiti chenye mto wa kijani kilikuwa humo, katikati ya chumba, na hakuna mhudumu aliyekibeba. Wakakitoa nje, wakafunga mlango kwa ufunguo. Siku ya tatu kilikuwa kimegusana na kitanda. Mama Mdogo alikuwepo. Alimshika Bibi mkono mmoja, na mkono wa pili wa Bibi ulikuwa upande wa kile kiti, umekunjwa vidole, kama nao umeshikwa. Saa nane na dakika kumi Bibi Simu akakata roho. Daktari aliandika uzee.

Mama Mdogo alipokuwa akitoka alikwenda kutia saini kwenye daftari la wageni. Akafungua nyuma, ukurasa wa siku ile ya ukaguzi. Chini ya mstari wake kulikuwa na mstari mwingine. Jina la mgeni, hakuna. Kuingia, saa nane na dakika kumi. Chumba, tisa. Mwenyeji, jina la Mama Mdogo, kwa mwandiko wake mwenyewe. Sehemu ya kutoka ilikuwa wazi.

"Bibi alipitiwa njiani tu," aliniambia. "Mwenyeji ni mimi. Na mgeni hajaniaga."

Tangu hapo Mama Mdogo hakulitamka tena lile neno, karibu. Sisi tulimtania bila huruma. Tulimwita Mlango Bubu. Ukibisha hodi kwake unasikia tu viatu vinakuja, mlango unafunguliwa, unaoneshwa kochi kwa kidole. Shemeji zake walimwona ana maringo. Miaka kumi na moja aliishi hivyo. Niliposimuliwa sababu nilicheka kwanza, nakiri. Kisha nikaona uso wake nikaacha.

Mwaka jana kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakaondoka yote. Nilimuuguza nyumbani miezi minane. Kumgeuza, kumwogesha, kumlisha kwa kijiko, kisha kukimbilia kazini. Siku moja nilimwangusha bafuni. Hakuweza hata kulia kwa sauti. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, nikakubali kumpeleka kwenye nyumba ya wazee.

Niliikagua kwa fomu yake ya zamani. Nilipima maji ya bomba. Nilibonyeza kengele, wakaja kwa dakika mbili. Kipengele cha thelathini na moja kilinikausha mate. Walikuwa hodari kuliko wote. Hodi, kimya, wanasubiri.

"Kwake msibishe," nilimwomba meneja.

"Haiwezekani. Ni kanuni, na ukaguzi uko karibu. Halafu mama mwenyewe haongei, atamwitikia nani?"

Nikajifariji kwa hilo. Hata mimi niliyejua.

Wiki iliyopita mtaalamu wa mazoezi ya kuongea alinipigia simu kwa furaha. "Limerudi neno moja!" Akaniambia ndivyo ilivyo kwa wagonjwa wa kiharusi. Kinachobaki ni kile mtu alichokisema mara nyingi utotoni, hakipitii tena kwenye akili, kinatoka chenyewe. Nilikwenda mbio. Mama Mdogo alikuwa ameketi dirishani, shavu limelowa machozi.

"Unataka maji, Mama Mdogo?"

"Karibu," akasema.

"Unaumwa?"

"Karibu. Karibu." Huku anatikisa kichwa, anakataa, macho yamemtoka, na mkono ulio mzima unajaribu kuuziba mdomo wake mwenyewe.

Wahudumu wanamwita Mama Mkarimu. Wanapita kumbishia hodi makusudi wamsikie.

Jana nilifika saa tisa. Kwenye daftari la wageni, juu ya nafasi yangu, palikuwa na mstari. Jina, hakuna. Kuingia, saa nane na dakika kumi, juzi. Mwenyeji, jina la Mama Mdogo, kwa ule mwandiko wa mkono wa kulia, mkono ambao haujainuka tangu mwaka jana. Kutoka, wazi. Chumbani kulikuwa na kiti ambacho sikukileta, katikati ya sakafu.

Nimeomba kumtoa. Mkataba unataka taarifa ya siku saba. Na hata nikimbeba mgongoni, nimpeleke wapi? Kwangu pia kuna mlango.

Kwa hiyo nilifanya jambo la kijinga. Nilipokuwa naondoka nilichukua kalamu nikamtoa yule mgeni mimi mwenyewe, daftarini. Kwenye ile nafasi wazi niliandika, saa kumi kamili. Niliandika kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Leo nimekuja asubuhi, niwe naye saa nane ikifika. Nilipitia mapokezi kwanza. Ile saa niliyoiandika ipo bado, inasomeka. Imepigwa mstari mmoja, ulionyooka, na pembeni yake kuna saini ya Mama Mdogo.