Uzi wa Mguu wa Kagure

Soko la Nyeri lilifurika watu Jumamosi ile, naye Murugi, ndani ya gauni lake la bluu la kazini, alikuwa mbioni. Alisimama kwenye kibanda cha viatu akamnyooshea muuzaji kipande cha uzi.

"Nataka viatu vya urefu huu. Ni vya mtoto wangu."

Theuri, mwenye kibanda, alicheka. "Na mtoto ako wapi, madam? Ati siku hizi mama anapima mtoto na uzi?"

Alikuwa anatania tu, maskini. Uzuri wa mteja ulishamchanganya. Lakini alitonesha donda. Murugi alikuwa akiunganisha simu za watu pale posta, na bintiye Kagure aliishi kwa nyanya yake kijijini Tetu. Baba mtu alitokomea kabla mtoto hajazaliwa. Akiacha kazi, watakula nini? Akiendelea nayo, mtoto atamjua nani? Aliondoka bila kununua, uzi ukabaki kwa Theuri.

Jumatatu, taa iliwaka kwenye ubao wa simu.

"Namba, tafadhali?"

"Sina namba. Ni mimi wa viatu. Nilikujua na hiyo gauni ya posta. Nisamehe, mrembo. Tangu uende sijauza kitu."

Msimamizi alikuwa akipitapita nyuma yake. "Hii simu si ya mapenzi, bwana," alinong'ona.

"Basi tuonane Jumapili."

"Jumapili ndiyo naonanga mtoto, na sasa wameniweka kazi. Mama yangu Wangechi ataningoja huko Tetu bure. Nimefungwa kwa hii kiti kama ng'ombe!"

Akakata, machozi yakimlengalenga.

Jumapili jioni Murugi alitoka kupunga hewa kidogo. Theuri alikuwa mlangoni, suti yake ya kahawia imejaa vumbi jekundu.

"Nilienda kuambia mama yako asikungoje. Nikapima Kagure."

Akazilaza nyuzi mbili kiganjani. Uzi mpya ulizidi ule wa zamani kwa upana wa kidole.

"Amekua," Murugi alisema, akalia waziwazi. "Amekua na sikuona."

"Niko na viatu zinamtosha. Lakini nikuoe, Murugi. Kibanda ni yangu, siulizwi na mtu. Atashinda na mimi sokoni, ukitoka kazi unampata."

"Mwanamume kulea mtoto sokoni? Watu watakucheka!"

"Wacheke. Wakimaliza watanunua viatu."

Murugi akacheka katikati ya machozi. Dirishani msimamizi aligonga kioo. Zamu ilikuwa bado ndefu.

"Mlete na mama Jumamosi," Murugi alisema, akiufuta uso kwa kiganja. "Na hivyo viatu usimvalishe. Nitamvalisha mwenyewe."