Aliteleza Bafuni

Kwanza yalikuwa maji tu. Mke wa askari magereza alikuta sakafu ya bafu imelowa asubuhi ambayo hakuna aliyekuwa ameoga, na alama za unyayo mmoja zikielekea chumbani, mguu wa pili ukiwa umeburutwa.

"Bomba linavuja," mumewe alisema.

"Bomba lina vidole, mume wangu?"

Wafungwa walimwita mumewe Nyundo, na jina hilo hakupewa bure. Miezi minane nyuma alimpiga mfungwa mmoja, fundi cherehani, rungu saba kwa kuchelewa kuchuchumaa wakati wa kuhesabiwa. Kisha akaandika kitabuni kama walivyozoea kuandika wote pale: aliteleza bafuni. Fundi akamshtaki mahakamani kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Alikufa kwa majeraha yale kabla kesi haijasikilizwa, mama yake akaiendeleza.

Kadiri siku ya ushahidi ilivyokaribia, harufu ya dawa ya kusafishia sakafu za gereza ilizidi mle bafuni, na mchana kweupe, mlango ukiwa umefungwa kwa nje, mke alisikia mtu akihesabu taratibu, moja, mbili, tatu, akifika saba anavuta pumzi kwa shida na kuanza upya, hata mama wa watu akawa anaogea jikoni.

Mganga aliyeitwa hakufungua hata mkoba. Alisimama kizingitini, akanusa, akarudi nyuma.

"Huyu sina dawa yake," alimnong'oneza Nyundo. "Anakaa pale ulipomwandika. Kaseme kweli mahakamani, ataondoka."

"Nikisema kweli nafungwa. Unajua askari akiingia kule anafanywa nini?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mkewe alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye ninayeshinda naye humu ndani."

Nyundo alikwenda, akaapa, akasema fundi aliteleza. Hakimu akaitupa kesi. Mama wa fundi alibaki kwenye benchi mpaka karani alipomwomba atoke.

Nyumbani hakukuwa na harufu yoyote. "Kaondoka," Nyundo alicheka, hata sare hajaivua. "Leo kaoge kwa raha zako."

Mkewe alisita, akachukua taulo, akaingia. Kitasa kikajifunga. Nyundo akasikia kishindo, halafu kingine, akaukabili mlango kwa bega huku akiita jina la mkewe, akijikuta anahesabu bila kutaka, na mlango haukusogea hata kidogo mpaka kilipokwisha cha saba, ndipo ukafunguka wenyewe.

Pale zahanati daktari alimkagua mgonjwa mgongo na mbavu, akamfunika shuka.

"Nyumbani mlikuwa na nani?"

"Mimi na yeye tu. Ameteleza bafuni, daktari. Haki ya Mungu."

Daktari alitazama rungu lililoning'inia kiunoni mwake. Lilikuwa linadondosha maji sakafuni. Mke, aliyekuwa macho, naye aliliona, akageuza uso ukutani.

"Afande," daktari alisema akichukua kalamu, "mtu hatelezi mara saba."