Engeji Mara Tatu

— Engeji! akasema Naomi, karani wa simu, bila kuinua macho.

— Kahindi? Dama akauliza.

— Nambari uliyonipa, dada. Engeji. Haya, mwingine!

Hiyo ilikuwa Ijumaa ya tatu mfululizo, mwaka wa tisini na tatu. Dama akatoka ofisi ya simu, akaja moja kwa moja barazani kwangu, hapa Mji wa Kale, mie nikichoma kaimati. Mtaani kwetu mie ndimi niliyejua Kizungu. Nilifika darasa la nne, na kila karatasi ya kiserikali ilipita mkononi mwangu, hata zile nilizozishika juu chini.

— Nyanya, engeji ni nini?

— Ni kuposwa, mwanangu. Hukuona kadi ya Kaneez, binti wa Hajrabai, alipovishwa pete? Ndilo neno lilo hilo.

Laiti kaimati moja ingenikwama kooni kabla sijajibu!

Dama akaketi chini, pu! Kahindi, mpenzi wake, alikuwa Nairobi akioka mikate kwa bwana mmoja aitwaye Rehan. Aliahidi kurudi kumposa. Huku nyuma Seth, karani wa bandarini, keshaleta posa yake, na Kache, mamake Dama, keshasema: "Mpaka mwisho wa mwezi huyo muoka mikate awe katoa neno. Asipotoa, ni Seth."

— Labda umesikia vibaya, nikamwambia.

— Mara tatu, nyanya? Nikitaja nambari yake tu, naambiwa engeji. Hata watu wa simu wanajua, mimi peke yangu ndiye sijui!

— Basi keshapata wa huko huko, mwenye koti la baridi.

Mdomo wangu huo. Dama akajifuta macho kwa leso.

— Nenda ukamwambie mama amekubaliwa Seth wake.

— Kamwambie mwenyewe, kinywa unacho.

Akamwambia. Akaolewa.

Seth si mtu mbaya. Halewi, hapigi. Ila akizungumza utadhani anasoma hati ya meli.

Siku ya tisa ya ndoa, Dama alikuja kuchukua mkasi na sindano zake dukani kwa Hajrabai, alikokuwa akishona vifungo. Nami nilikuwa pale nikibishania bei ya uzi. Mara mlangoni:

— Hodi! Mama Hajrabai, Dama yuko?

Kahindi! Begi begani, vumbi la gari la moshi mpaka kwenye nyusi. Anacheka meno yote nje. Kisha akakiona kidole.

— Dama, pete hiyo ya nani?

— Ya mume wangu. Na mkeo hajambo?

— Mke gani?

— Uliyemposa huko. Niliambiwa kwa simu. Engeji, mara tatu.

Akacheka tena, maskini. Hakuwa amefahamu bado.

— Engeji ni simu ina mtu anaitumia, Dama! Hata choo cha gari la moshi, mtu akiwa ndani, mlangoni huandikwa engeji. Nacho choo kimeposwa?

Hakuna aliyecheka. Mie nikautazama uzi.

— Alikuwa nani kwenye simu hiyo? Dama akauliza. Ijumaa, saa saba mchana?

Kicheko kikamkauka Kahindi.

— Saa saba? Saa hiyo bosi yuko msikitini, ndipo naiba simu. Nilikuwa nakupigia wewe, hapa dukani. Nilijua Ijumaa duka likifungwa unabaki ndani ukishona. Inalia, inalia, huinui. Naweka, napiga tena.

— Nilikuwa nimetoka.

— Wapi?

— Kukupigia.

Hajrabai akajishika kichwa. Simu yake nyeusi ipo pale mezani, imenyamaza kama mkosaji.

— Na barua, Kahindi? Hata mstari mmoja?

— Ningeandikiwa na nani, Dama? Unajua kalamu na mimi hatujuani. Yale ya moyoni nimpe mtu baki aniandikie?

Dama akafunga mkasi na sindano katika kitambaa, fundo moja, fundo la pili. Kisha akageuka. Hakumtazama Kahindi, alinitazama mimi.

— Nyanya, kuna Kizungu kingine unachokijua?

— Hakuna, mwanangu.

— Afadhali.

Akajitanda leso yake vizuri, akampita Kahindi mlangoni bila kumgusa, akaenda zake kupika. Seth hutoka kazini saa kumi na moja, na hapendi kungoja.