Nels ni wa Jimbo Gani?

Asubuhi ile Britta Halverson aliamka kabla hajaitwa, na mama yake, Connie, akastaajabu. Siku nyingine msichana huyu wa miaka kumi na miwili ilibidi avutwe blanketi ndipo aamke. Leo alikuwa amekwisha kuvaa viatu, amekwisha kuwasha bomba la kufukizia nyuki moshi, na sasa alikuwa akizunguka trela waliyokuwa wakiishi mara huku mara kule, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Wewe nawe, tulia basi!" mama alimwambia kutoka dirishani. "Simu ni saa nane mchana. Hata ukizunguka mpaka viatu vitoboke, haitakuja mapema."

"Wala siwazii simu," Britta alijibu. Ulikuwa uongo mtupu, na mama alijua.

Ilikuwa Februari. Milozi ya California ilikuwa imechanua shamba zima, na nyuki wa familia ya Halverson walikuwa kazini. Kila mwaka, baridi ya Montana ilipoanza kuuma, baba yao, Dale, aliipakia mizinga kwenye lori, akaifunika kwa wavu, na familia nzima ikaifuata hadi huku. Bila nyuki milozi haizai, na wenye mashamba walilipa vizuri. Maua yakipukutika, hao, wanarudi Montana, kijijini kwao Tolvik, kwenye nyumba yao ya mbao. Mtu akimuuliza Dale kwao ni wapi, alipenda kujibu, "Kwetu ni pale nyuki walipo," kisha akacheka yeye kwanza kabla ya wengine.

Siku hizi mzaha huo ulikuwa haumchekeshi mtu. Nels, kaka yake Britta, alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu cha huko Montana kusomea magonjwa ya wadudu. Aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote tangu mwaka uliopita, nusu ya mizinga yao ilipokufa na baba akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akiitazama. Lakini chuo kilikuwa na karo mbili. Mwenyeji wa jimbo alilipa kiasi ambacho Dale angekimudu kwa kujinyima. Mgeni kutoka jimbo jingine alilipa karibu mara tatu yake, na fedha hizo hawakuwa nazo hata wangeuza lori. Sasa chuo kilikuwa kimeuliza: kijana huyu anayekaa California miezi mitano kila mwaka, ni wa Montana kweli?

Walikuwa wamepeleka kila kitu: risiti za kodi ya nyumba yao, namba za gari, cheti cha shule ya Tolvik. Kilichobaki ni Bi. Ostrander wa ofisi ya chuo kupiga simu na kumhoji Nels mwenyewe. Na hapo ndipo Britta alipokosa raha, maana kulikuwa na jambo ambalo yeye na Nels tu walilijua.

Alimkuta Nels kwenye safu ya mwisho ya mizinga, akimimina maji ya sukari ya kulisha nyuki huku akipiga mluzi.

"Nels, akikuuliza habari ya leseni je?"

Mluzi ukakatika. "Leseni gani?"

"Usijifanye hujui. Ya kuvulia samaki."

Nels alitazama nyuma kuhakikisha baba hayuko karibu. "Sikia, kidomodomo. Ameshaniuliza kwenye fomu kama nimewahi kuchukua leseni yoyote kama mkazi wa jimbo jingine. Nimejibu hapana. Leo nitajibu hapana tena. Yameisha."

"Lakini ulichukua."

"Na nani aliyesema sisi ni wa hapa? Mimi?"

Aliyesema alikuwa Britta. Novemba iliyopita, walipofika tu, waliingia wawili hao kwenye duka la vifaa vya uvuvi karibu na ziwa. Ukutani palikuwa na bei mbili: ya wakazi wa California, na ya wageni, ambayo ilikuwa kubwa kupindukia. Muuzaji aliuliza, "Nyinyi ni watu wa hapa?" Nels akasitasita. Britta, ambaye macho yake yalikuwa kwenye jokofu la aiskrimu, alidakia, "Ndiyo, tunaishi hapo nyuma ya shamba la milozi!" Alijiambia kwamba hakudanganya. Si kwao ni pale nyuki walipo? Nels akaandika anwani ya trela, akatia saini kwamba yeye ni mkazi wa California, na chenji iliyobaki wakaila aiskrimu wakicheka njia nzima.

"Ukifungua mdomo," Nels alisema sasa, "mimi nabaki hapa kubeba mizinga mpaka mgongo upinde kama wa baba. Umenielewa? Ni maisha yangu hayo, si yako."

Britta alirudi kazini, lakini kazi haikufanyika. Alimwaga maji ya sukari kwenye viatu. Alisahau kufunga wavu wa uso. Mwishowe akaufungua mzinga kwa pupa bila hata kuufukiza, na nyuki wawili wakampa haki yake kidoleni na shingoni.

"Ukwangue mwiba kwa ukucha, usiubane!" Baba alikuja mbio, akamshika mkono na kuukwangua yeye mwenyewe. "Una nini leo? Tangu ukiwa na miaka sita hujawahi kuufungua mzinga hivi."

Kidole kiliwaka moto, machozi yakaanza kumtoka, na pamoja na machozi yakatoka maneno. Alisema yote: duka, muuzaji, anwani ya trela, hata aiskrimu. Alisema kwamba kosa lilikuwa lake, si la Nels.

Dale alisikiliza mpaka mwisho. Uso ulimwiva. Britta alingoja kufokewa, lakini baba aligeuka akaita kwa sauti iliyosikika safu zote, "Nels! Njoo hapa!"

Nels alipofika na kuuona uso wa dada yake uliolowa, alielewa papo hapo. "Umeniponza!" alimrukia kwa maneno. "Huwezi kufunga mdomo wako hata siku moja? Siku moja tu!"

"Mwache," baba alisema. "Ni kweli ulitia saini?"

"Ni leseni ya samaki, baba! Nani atahangaika na leseni ya samaki?"

"Sijakuuliza nani atahangaika. Nimekuuliza kama ulitia saini."

"Nilitia." Nels alipiga teke donge la udongo. "Kwani wewe si ndiye unayesema kila siku, kwetu ni pale nyuki walipo?"

"Kweli, mzaha huo ni wangu, na nimeusema mno," Dale alikiri. "Lakini mimi niliusema nicheke. Wewe uliutilia saini. Una miaka kumi na minane, Nels. Sitampigia yule mama wa chuo simu kukusemea, na sitakuziba mdomo. Utajibu mwenyewe."

Chakula cha mchana kiliwekwa na hakuna aliyekula, ukimtoa mama, naye alikula kwa hasira baada ya kuelezwa mambo yalivyo. Nels alikaa, akasimama, akatoka nje, akarudi. Britta aliikazia macho simu iliyolala katikati ya meza. Moyoni aliomba isilie, halafu akaomba ilie haraka yaishe.

Ikalia. Nels aliiweka kwenye kipaza sauti.

Bi. Ostrander alikuwa na sauti ya mtu asiye na haraka. Aliuliza Nels alisoma wapi, alimaliza lini, nani hulinda nyumba ya Tolvik wakiwa safarini. Nels alijibu vizuri. Alipoeleza jinsi mizinga ilivyokufa na kwa nini alitaka kusoma, hata mama aliacha kutafuna.

"Nimekuelewa," Bi. Ostrander alisema. "Sasa hii leseni. Kwenye fomu umejibu kwamba hujawahi kuchukua leseni yoyote kama mkazi wa jimbo jingine. Ni sawa?"

Nels alimtazama baba, na baba akatazama meza. Alimtazama Britta, na Britta hakuweza kuyastahimili macho yale, akainamisha kichwa.

"Hapana," Nels alisema. "Yaani, hapana, si sawa. Niliandika uongo. Nilichukua leseni ya kuvua samaki hapa California, Novemba, kwa bei ya wakazi. Nilisema mimi ni wa hapa. Si wa hapa. Nilitaka tu bei nafuu."

Walisikia kalamu ikigongwagongwa mezani upande wa pili.

"Ahsante kwa kuniambia," Bi. Ostrander alisema hatimaye. "Basi nikwambie ilivyo. Kusafiri na wazazi kwa ajili ya kazi hakukufanyi mgeni. Kwa hilo karatasi zenu zinatosha. Ila leseni ile ni wewe mwenyewe kuliambia jimbo jingine kwamba u mkazi wake. Kanuni yetu inaanza kuhesabu miezi kumi na miwili upya kutoka siku hiyo. Ukianza masomo Agosti, utalipa kama mgeni. Ukianza Januari, na ukairekebisha hiyo leseni, utalipa kama mwenyeji. Nafasi yako nitaomba uwekewe."

"Na ningesema hapana je? Ungejua?"

"Huenda ningejua, huenda nisingejua. Lakini wanaogunduliwa baadaye hatuwahesabii miezi. Tunawafuta chuoni."

Simu ilipokatika, Nels alijibwaga kitini. Britta alianza kulia tena. "Nimekupotezea muhula mzima," alisema. "Nisamehe, Nels. Wenzako watakutangulia."

Nels alijifuta uso kwa mikono miwili. Hasira ilikuwa bado haijamwisha, na hakuificha. "Ndiyo, umenipotezea. Na mimi nimejipotezea, maana saini ni yangu." Akavuta pumzi. "Lakini mwenzio sijalala vizuri wiki mbili hizi. Leo nitalala. Haya, vaa koti. Tunakwenda dukani wote wawili, na wewe ndiye utakayeanza kusema."

Mama aliwapeleka kwa pikapu. Muuzaji wa vifaa vya uvuvi alisikiliza maelezo ya Britta, akakuna kichwa, akasema hajawahi kuona watu wakirudi kuomba kulipa zaidi. Alipiga simu kwa wahusika, leseni ya zamani ikafutwa, na Nels akalipa bei ya mgeni, noti moja baada ya nyingine, kwa fedha zake za akiba. Ilimuuma, na ilionekana.

Walipotoka nje mama hakuwasha gari. Aliwageukia watoto wake wote wawili.

"Sikilizeni, kwa sababu sitarudia. Mlitaka kuwa watu wa California siku mliyotaka samaki wa bei nafuu. Kisha mkataka kuwa watu wa Montana siku mliyotaka karo nafuu. Mtu wa namna hiyo hana kwao popote, na siku akisema kweli hakuna atakayemwamini. Kama u wa Montana, basi sema u wa Montana hata pale kusema hivyo kunapokugharimu. Leo, Nels, umesema mara mbili, na mara zote mbili umelipia. Sasa hata mimi nikiulizwa mwanangu ni wa wapi, naweza kujibu bila kutazama chini."

Nels alinyoosha mkono, akamshika Britta bega, na mama akawasha gari.