Nyaya Kumi na Mbili Katika Bomba Moja

Kila alipotoka shule, Koleo alipita nyumbani kuvua sare, akala kilichokuwepo, kisha akaenda kumsaidia mjomba wake, ambaye alikuwa fundi wa umeme. Darasani alikuwa na jina jingine. Hili la Koleo alipewa na marehemu baba yake, kwa sababu akishika jambo halimtoki.

Siku hiyo mjomba alikuwa akipitisha nyaya katika duka la vitabu.

"Vuta waya mmoja," mjomba alisema kutoka juu ya ngazi. "Vidole viwili tu."

Koleo akavuta. Waya ukaja bila kugoma.

"Kwa nini umekuja?"

"Kwa sababu bomba lina nafasi. Nyaya hazijajaza hata nusu."

"Na hiyo nafasi ni ya nini? Ya panya?"

Koleo akacheka. "Ya hewa, mjomba. Waya ukibeba umeme unapata joto. Joto likikosa pa kutokea, linakula plastiki."

"Zikirundikana?"

"Kila mmoja unapunguziwa mzigo. Zikifika kumi katika bomba moja, kila waya tunauhesabia nusu tu ya uwezo wake. Na bomba likipita chini ya bati, tunapunguza tena. Tukitaka zibebe zaidi, tunaweka nyaya nene au tunazigawa katika mabomba mawili."

"Haya, ondoka hapo kabla hujaninyang'anya wateja."

Mjomba alifundisha kwa utani, lakini Koleo hakujifunza kwa utani. Kila kanuni aliyoishika aliielekeza kwa mtu mmoja.

Baba yake alikuwa fundi cherehani. Karakana yake iliungua mchana mmoja, yeye akiwa ndani akijaribu kuokoa nguo za wateja. Moshi ndio uliomwua. Moto ulianzia darini, ndani ya bomba jembamba lililoshindiliwa nyaya na fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Kila baba alipoongeza mashine au pasi, Chapuchapu alisokomeza waya mwingine mle mle. Zikigoma kupita, alizipaka sabuni ya kufulia ili ziteleze. Breka, kile kifaa kinachokata umeme mzigo ukizidi, ilipoanza kukatika mara kwa mara, aling'oa ile ndogo akaweka kubwa. Siku za mwisho karakana ilinuka kama samaki, maana plastiki ya nyaya ikipata joto kali hunuka hivyo. Baba alimsingizia paka, akahamisha makabati akitafuta samaki aliyefichwa.

Msibani Chapuchapu alikuja amevaa vizuri, akawaambia watu, "Umeme huo. Ukitaka kuwaka hauna wa kuuzuia." Akampa mama pole, akaondoka mapema. Alikuwa na kazi mahali.

Neno lile lilimkaa Koleo rohoni kama mwiba. Alilala nalo, akaamka nalo.

Shida ni kwamba binti wa Chapuchapu alikaa naye dawati moja. Watoto walimwita Cheko, kwa kuwa hata mwalimu akipiga chafya yeye anacheka. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomuudhi Koleo zaidi.

"Jumamosi uje kwetu," Cheko alimwambia. "Mama kafungua saluni. Baba ameifunga umeme yeye mwenyewe, kwa siku moja tu."

Koleo alikubali. Alitaka kuona.

Saluni ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kulikuwa na vioo, pasi za nywele na mashine nne za kukaushia nywele, zile za kuvaa kichwani kama kofia. Koleo hakutazama vioo. Alitazama kisanduku cha umeme kilichoachwa wazi nyuma ya mlango. Bomba moja jembamba lilitoka hapo likapanda darini, chini ya bati. Kwenye mdomo wake sabuni ilikuwa imekauka, nyeupe kama chokaa. Akahesabu nyaya. Zilikuwa kumi na mbili. Akagusa bomba kwa nyuma ya kidole. Lilikuwa na joto, na mashine mbili tu ndizo zilizokuwa zikifanya kazi.

"Mpwa wa fundi Polepole," sauti ilisema nyuma yake. Chapuchapu alikuwa amesimama na kikombe mkononi, anatabasamu. "Mjomba wako angekuwa bado anapima ukuta. Unaionaje kazi?"

Koleo alilikumbuka lile neno la msibani. Lakini alipofungua mdomo, sauti ilitoka laini kama mafuta.

"Nzuri sana, fundi."

Alirudi nyumbani anatembea kwa wepesi kuliko siku zote. Hatahitaji kufanya chochote. Hatagusa hata msumari. Atanyamaza tu, na mikono ya Chapuchapu mwenyewe itamlipia. Vioo vitapasuka, bati litakunjamana, na yeye atakwenda kusimama mbele ya watu, aseme kwa upole, "Umeme huo. Ukitaka kuwaka hauna wa kuuzuia." Alilirudia neno hilo mpaka likawa tamu mdomoni.

Wiki iliyofuata alikuwa mchangamfu hata mama yake akashangaa. Darasani alimwuliza Cheko habari za saluni kila asubuhi, na kila alipoambiwa kwamba wateja wameongezeka, alifurahi.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Cheko alikuwa akipiga miayo.

"Hulali?" Koleo alimwuliza.

"Nalala saluni siku hizi, na mdogo wangu. Chumba chetu mama kaweka mizigo. Basi huyo paka anatukera. Kaficha samaki darini, chumba kizima kinanuka. Mama kamfukuza na harufu haijaondoka." Akacheka. "Leo ndiyo usiseme. Mashine zote zinawaka tangu asubuhi, kuna watu wa harusi. Mdogo wangu amelazwa humo humo, na huyo akilala hata umpigie ngoma haamki."

Koleo aliacha kutafuna. Alimwona baba yake akisukuma kabati, jasho likimtoka, akimtukana paka kwa utani.

Hakuomba ruhusa. Alitoka getini akikimbia, mlinzi akimwita nyuma, hadi alipomkuta mjomba wake kazini.

"Mjomba, saluni ya mama Cheko. Bomba moja, nyaya kumi na mbili, chini ya bati. Linanuka samaki."

Mjomba alishuka ngazi. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumamosi."

Mjomba alimtazama. Alichukua mkoba wake.

Walipofika, mjomba aliingia bila hodi akazima umeme wote. Wanawake waliokuwa chini ya mashine walianza kulalamika. Mama Cheko alimbeba mtoto, akawatoa wateja nje, wengine na nywele nusu. Chapuchapu akafika anahema.

"Nani kakuruhusu kugusa kazi yangu?"

"Vuta waya mmoja," mjomba alisema.

"Unanifundisha kazi kwangu?"

"Mmoja tu, bwana. Ukitoka, naondoka na ninakuomba radhi mbele ya hawa."

Chapuchapu alishika waya akavuta. Akavuta kwa mikono miwili, mguu ukutani. Haukutoka. Mjomba alipasua bomba kwa msumeno mdogo. Ndani nyaya zilikuwa zimegeuka kahawia na kugandana kama peremende zilizoachwa juani. Mahali pamoja plastiki ilikuwa imeyeyuka hadi shaba ikaonekana.

"Ndivyo ulivyofunga kwa baba yangu," Koleo alisema.

Chapuchapu alikaa kwenye kiti cha wateja. Alifungua mdomo, lakini lile neno lake la msibani halikuja. Koleo alikuwa ameisubiri saa hii kwa muda mrefu, na sasa hakuweza kulificha la kwake.

"Na mimi niliona tangu Jumamosi. Nikakuambia nzuri sana. Nilitaka iungue."

Aligeuka, akamwona Cheko mlangoni. Alikuwa amemfuata kutoka shule. Kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Ulijua nalala humu?" Cheko aliuliza.

"Leo ndiyo nimejua."

"Lakini wikendi yote, wiki yote, hukuuliza nani analala humu."



Kesho yake mjomba alimpeleka Chapuchapu kwa mkaguzi wa umeme. Huko Chapuchapu alieleza mwenyewe habari za saluni na za karakana. Alinyang'anywa kibali, na mambo ya karakana yakapelekwa polisi. Aliamriwa pia aonyeshe kila nyumba aliyofunga ili ifunguliwe na kukaguliwa. Mjomba alifunga saluni upya kwa nyaya nene na mabomba mawili mapana. Chapuchapu ndiye aliyezing'oa zile za zamani, moja moja, mtaa ukimtazama. Koleo alikwenda kutazama pia. Alidhani angeshiba. Aliondoka kabla kazi haijaisha.

Jioni mama yake alimkuta amekaa kizingitini.

"Mama, na wewe unamchukia?"

"Sijamsamehe," mama alisema, akakaa kando yake. "Sijui kama nitaweza, na sitakudanganya. Kwa muda wote huu nimetamani awajibishwe, na sasa anawajibishwa. Hilo ni haki yetu. Lakini wewe ulitaka kisasi, na kingemwangukia mtoto aliyelala. Hicho si chetu, mwanangu. Hatukudai hicho."

"Nilinyamaza tu."

"Na yeye alisokomeza waya tu. Ukiijua hatari, imeshakuwa mzigo wako. Iseme siku hiyo hiyo, hata kama wa kuokolewa ni mtu usiyetaka kumwona. Baki na hasira yako ukipenda. Itumie kumfikisha mtu mbele ya sheria, isikufikishe wewe alipofika yeye."

Koleo alilia, na mama alimwacha alie. Kisha akamfuta uso kwa upindo wa nguo yake.

"Kesho utakwenda kwao. Utamwomba radhi Cheko, na mama yake. Asipokujibu, usimlazimishe."

"Nitakwenda, mama."

"Na utakapofika," mama alisema, akinyanyuka, "usianze kwa kueleza sababu."